Filta Moja kwa Bonde Zima

Tarehe 4 Machi

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Sisi huku hatujambo. Mama naye hajambo, ila magoti yanamsumbua asubuhi mpaka atembee kidogo ndipo yanakubali.

Najua utageuza karatasi kwanza uangalie nani ameandika. Ni mimi, mtoto wa dada yako, yule uliyekuwa ukimwita Bi Maswali. Mara ya mwisho uliponiona nilikuwa sina meno ya mbele. Sasa nina miaka ishirini na tisa na meno yote. Anwani yako nimeipata nyuma ya picha ya Mama ya ujanani, kwenye droo ya cherehani, mahali ulipogonga muhuri wa studio. Naandika kwa kubahatisha. Kama sanduku hili la posta limeshapata mwenyewe mwingine, basi anayesoma anisamehe.

Mjomba, nimekuja na swali, kama kawaida yangu.

Labda umesikia kuwa lile bwawa lililosemwa tangu zamani limejengwa kweli. Milango yake ilifungwa mwezi uliopita na maji yameanza kupanda. Sote tumehamishiwa mlimani, kwenye nyumba za bati jekundu zinazofanana kiasi kwamba wiki ya kwanza niliingia kwa jirani, nikavua viatu, nikakaa, ndipo nikashangaa nani amebadilisha mapazia. Mimi nimepata kazi hapo bwawani ya kusoma vipimo. Kila asubuhi nashuka hadi kwenye nguzo zilizochorwa mistari, natazama maji yamefika wapi, naandika daftarini. Yanapanda kama vidole vitatu kwa siku. Wahandisi wanasema ikifika Agosti bonde lote litakuwa chini.

Kamati ya wakazi imeniomba nipige picha za bonde kabla halijapotea, zitundikwe kwenye ukumbi wa shule mpya. Wameniomba mimi kwa sababu ndiye pekee mwenye kamera, niliyoinunua kwa mhandisi mmoja aliyekuwa anaondoka. Nimejaribu. Ninachokiona kwa macho sicho kinachotoka. Anga linatoka jeupe kama shuka, milima ya mbali imefunikwa na utando, na maji yanang'aa tu kama bati jipya. Mwenye duka la vifaa vya picha mjini ananiambia dawa yake ni filta, kile kioo cha kuvalisha mbele ya lenzi. Ana pakiti ya filta nane kwenye mkoba wa zipu, na ana filta za kuuzwa moja moja, za bei ya juu. Mchango wa kamati unatosha pakiti ile, au filta moja nzuri. Sio vyote viwili. Na wakigundua nimenunua vioo vya ovyo kwa mchango wao, itabidi nihame mara ya pili.

Ninunue nini?

Mama hajui kama nimekuandikia. Nikimuuliza habari zako husema, "Ana kazi nyingi," na maongezi yanaishia hapo.

Ni mimi,
Mpwa wako


Tarehe 15 Machi

Mpwa wangu Bi Maswali,

Marahaba, marahaba sana. Mimi ni mzima, ukiacha mgongo, ambao ni mshahara wa kuinama nyuma ya kamera miaka thelathini na tano. Naishi peke yangu chumba cha nyuma ya studio. Studio yenyewe siku hizi ni picha za pasipoti na kutoa nakala za vyeti. Hakuna wa kumsalimia hapa zaidi ya paka wa duka la jirani, naye ana maringo.

Barua yako niliisomea palepale posta, nimesimama dirishani, mpaka mtu wa nyuma yangu akaniambia, "Mzee, wengine tuna haraka." Nikampisha, nikaenda kuisoma tena kwenye ngazi.

Sasa sikiliza. Ile pakiti usiiguse. Filta nane kwa bei ya moja maana yake umenunua mkoba wa zipu. Kioo chochote unachokiweka mbele ya lenzi kinakuwa sehemu ya lenzi. Kikiwa kibaya, umeiharibu lenzi nzima kwa hiari yako na ukalipia. Utaona picha zimegeuka zambarau, huku kwenye kona pameingia giza, na taa moja imezaa taa tatu. Muuzaji atakuambia ni kosa la mkono wako.

Na katika zile nane, nyingi huzihitaji. Ile inayoonekana kama kioo kitupu, wanayosema inalinda lenzi, iache. Lenzi yako ilinde kwa kifuniko chake na kwa kutokukimbia ovyo kwenye mawe. Zile nyeusi, zinazotia giza ili picha ichelewe kuingia na maji yaonekane laini kama hariri, nazo ziache. Ukitaka maji laini, nenda alfajiri jua halijatoka, kaza tundu la lenzi, simamisha kamera kwenye miguu yake, na nuru yenyewe itakuwa ndogo bila kulipia. Ile ya nusu giza nusu wazi, ya kutuliza anga, ni nzuri, sikatai. Lakini kwa kipande cha kadi nyeusi ukitikisa mbele ya nusu ya juu ya lenzi wakati picha inaingia, utapata karibu kilekile. Nimeishi mjini kwa kadi nyeusi. Utaharibu picha kumi za kwanza, ya kumi na moja itakusalimia.

Kuna filta moja tu ambayo hakuna ujanja wa kuigiza. Ni polaraiza. Ni vioo viwili ndani ya pete inayozunguka. Ukiizungusha, mng'aro juu ya maji unaondoka, majani yanarudisha ukijani wake, anga linakolea, na ule utando wa mbali unapungua. Mng'aro ukishaingia kwenye picha hakuna fundi wa kuutoa, maana kilichokuwa chini yake hakikupigwa. Kwa hiyo pesa yote iweke hapo. Moja, nzuri.

Angalia mbele ya lenzi yako, kuna namba kando ya duara lililokatwa na mstari. Hiyo ndiyo saizi. Kama una lenzi mbili, nunua filta ya lenzi kubwa, halafu tafuta pete ya kupunguzia ili iingie kwenye ndogo. Pete ni chuma tu, bei yake ni ya soda. Dukani omba kikokotoo. Tazama namba zake kupitia ile filta huku unaizungusha. Zikizimika kabisa na kurudi, hiyo ni polaraiza kweli. Zikibaki palepale, umepewa miwani ya jua ya duara. Kisha ishike juu ya karatasi nyeupe. Ikiipaka rangi ya manjano au kijani, irudishe kwa adabu.

Ukifika bondeni, nyosha kidole kwenye jua, kidole gumba kikiwa kimesimama, halafu geuza mkono. Kokote kidole gumba kinakoelekea, huko ndiko filta itafanya kazi sawasawa. Ukilielekea jua au kulipa mgongo, unazungusha pete bure.

Mnunulie mama yako soksi za kuvaa gotini, zisizobana sana. Usiseme zimetoka kwangu.

Na makaburi mmeyafanyaje? Nauliza tu.

Ni mimi,
Mjomba wako


Tarehe 6 Aprili

Mjomba mpendwa,

Shikamoo tena. Mgongo unaendeleaje? Sisi hatujambo. Soksi amezivaa, amezilalamikia siku mbili, na sasa hazivui.

Nilienda dukani na barua yako mfukoni. Nikaomba kikokotoo. Muuzaji akasema, "Dada, unataka filta au unataka kupiga hesabu?" Nikamwambia nipe tu. Polaraiza ya kwanza aliyonitolea, namba hazikutikisika hata kidogo. Nikamwonyesha. Akaitazama, akaizungusha, akaizungusha tena, akasema, "Hii labda imechoka." Ya pili ilizima namba zote kama mtu amefunga taa. Mteja mwingine aliyekuwa amebeba ile pakiti ya nane akaomba kikokotoo na yeye. Nadhani sitakaribishwa tena duka lile.

Mjomba, sikujua. Niliizungusha nikiwa kwenye nguzo ya tatu, na maji yaliyokuwa bati yakafunguka, nikaona vigingi vya ua wa mwenye kinu, vimesimama mstari mmoja chini kama vile mtu atarudi kufunga mbuzi. Nilisahau kusoma kipimo. Msimamizi aliniuliza mbona daftari lina nafasi tupu, nikamwambia nguzo ilikuwa na ukungu. Mungu anisamehe.

Ya kadi nyeusi bado. Nimeharibu kumi na nne.

Umeuliza makaburi. Yalihamishwa mwaka jana, kabla ya milango kufungwa. Bibi yuko juu sasa, safu ya pili, chini ya ukuta wa shule. Mama alisimama pale siku nzima, akawafuata wabebaji hatua kwa hatua, akawa anawaambia, "Polepole, hapendi kutikiswa." Watu walimwacha.

Halafu kuna jambo. Mama ameiona barua yako. Niliiacha kwenye mfuko wa koti, naye ndiye anayefua. Nilirudi kazini nikaikuta mezani imenyooshwa, na kikombe kimewekwa juu isipeperuke. Aliningoja nimalize kula. Akasema, "Mwandiko wake bado unaangukia kulia." Nikasubiri. Akanyanyua vyombo.

Naambatisha picha tatu nilizosafisha mjini. Ya kwanza ni njia ya kisimani, ya pili ni uwanja wa shule ya zamani, na ya tatu ni bonde zima kutoka juu, pale kwenye jabali kando ya kituo cha basi. Hiyo ndiyo wanakamati wameipenda. Nisahihishe bila huruma.

Ni mimi,
Mpwa wako


Tarehe 29 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Natumaini nyote hamjambo na maji yanapanda kwa adabu. Mimi si mgonjwa. Najua nimekaa karibu wiki nane bila kujibu. Barua hii nimeiandika mara nne, tatu nimezichana.

Picha ya kwanza umeinamisha upande, maji ya kisimani hayawezi kukaa yameinama, rekebisha. Ya pili ni nzuri, umengoja kivuli kifike mahali pake. Ya tatu sina la kusahihisha. Ningeipiga vilevile. Nayo ndiyo iliyoninyamazisha, kwa sababu niliwahi kuipiga.

Pale uliposimama, upande wa kushoto wa jabali, kuna mahali pamelika kidogo ambapo miguu ya kamera inakaa yenyewe bila kuyumba. Najua kwa sababu ndipo nilipoiweka yangu, siku ya maziko ya mama yangu, bibi yako.

Nyumbani mnajua kwamba sikufika. Niliwaambia watu basi liliharibika njiani. Basi halikuharibika.

Habari ya msiba niliipata Alhamisi, kupitia duka la jirani. Maziko yalikuwa Jumamosi alasiri. Jumamosi hiyohiyo nilikuwa na harusi, na malipo ya awali nilishayapokea na kuyatumia. Nikajiambia nitapiga picha za maharusi wakitoka nyumbani, kisha nipande basi la saa mbili, nitawahi. Maharusi wakachelewa. Bibi harusi akapoteza kiatu. Ningeweza kuondoka, mpwa wangu. Mlango ulikuwa wazi. Nikakaa mpaka kiatu kikapatikana.

Nilishuka pale juu kituoni nimevaa suti ya harusi, na ua jeupe kifuani. Nikatazama chini nikawaona watu wanatoka makaburini, wanarudi nyumbani kwa mstari mrefu. Imekwisha. Nikalitoa lile ua nikalitia mfukoni, lakini bado nilikuwa nimevaa suti inayong'aa. Nikaona nitashukaje pale, nimwambie nini dada yangu, aliyemuuguza mama yetu miaka sita akiwa peke yake huku mimi nikituma salamu.

Mikono yangu haikujua la kufanya ikafanya kazi yake. Nikasimamisha kamera. Bonde lilikuwa na utando siku ile. Na sasa nakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Nilifungua mkoba nikaanza kuchagua filta. Ilikuwa filamu ya nyeusi na nyeupe. Nikajaribu ya manjano, nikaona haitoshi, nikaivua, nikavalisha ya rangi ya chungwa ili utando ukatike vizuri. Mama yangu amefukiwa sasa hivi, na mimi nachagua filta. Nikapiga picha moja. Basi la kurudi likaja, nikapanda.

Nilidhani nitarudi wiki inayofuata kueleza. Wiki ikawa mwezi. Uongo wa basi ukakaa ndani ya nyumba kama mgeni asiyeaga, na mimi nikashindwa kurudi kwenye nyumba hiyo. Miaka kumi na tisa sasa.

Mama yako akitaka kujua, msomee. Asipotaka, ichome.

Ni mimi,
Mjomba wako


Tarehe 9 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima.

Nilikaa na barua yako siku mbili kabla ya kumsomea, na siku hizo mbili nilikukasirikia. Nakwambia kwa heshima zote, lakini nakwambia. Nilikuwa na miaka kumi. Nakumbuka Mama alivyokuwa ameweka sahani yako pembeni, imefunikwa, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa mpaka kesho yake.

Nilimsomea Jumapili baada ya chakula cha mchana. Alikuwa anakunja nguo. Nilipofika mahali pa filta alisimamisha mikono. Nilipomaliza aliendelea kukunja mpaka nguo zikaisha, kisha akaanza kukunja zilizokwisha kukunjwa. Siku tatu hatukuzungumza zaidi ya chumvi iko wapi.

Jana asubuhi nikiwa nafunga viatu niende kazini, akasema, "Leo tunaenda wote." Na magoti yale. Tulishuka taratibu, tukipumzika kila kona. Maji yameshafika uani kwetu. Nyumba tuliivunja wenyewe kabla ya kuhama, tukachukua bati na milango, ikabaki sakafu tu. Upande wa jikoni, uliokuwa wa kupanda kwa ngazi, bado uko juu. Chumba cha Bibi kiko chini ya maji, kina kama cha kiuno.

Mama akasema haoni kitu, ni mwanga tu. Nikamwekea kamera kwenye miguu yake, nikamwambia achungulie, nikampa pete ya filta aizungushe mwenyewe. Akazungusha kidogo, akasimama. Akarudisha nyuma. Akazungusha tena.

"Ile mistari," akasema.

Nikachungulia. Mjomba, maji yalikuwa safi na yametulia, na sakafu ilikuwa wazi kabisa chini yake. Kwenye saruji kuna mistari miwili imechimbika, inatoka ukuta ulipokuwa hadi dirisha lilipokuwa. Mimi nimekulia nyumba ile na sikuwahi kuitilia maanani.

"Ni kitanda chake," Mama akasema. "Kila asubuhi nilikuwa nakiburuta hadi dirishani apate jua, na jioni nakirudisha. Miaka sita. Nilikuwa nasema moyoni, akija huyu nitamwonyesha hii mistari. Sitasema neno. Nitamwonyesha tu."

Nikamuuliza kama nipige. Akasema nipige. Nikapiga kumi na mbili, nikihofia nimetikisika.

Tulipokuwa tunapanda kurudi, kwenye kona ya tatu, huku anahema, akaniambia, "Mwandikie. Muulize hiyo picha yake iko wapi."

Naambatisha ya sakafu. Mama anajua naituma.

Ni mimi,
Mpwa wako


Tarehe 24 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Poleni na safari ile ya kushuka, na mpe pole ya magoti.

Hasira yako nimeipokea. Ni ya haki, wala usiifute.

Picha ya sakafu nimeiweka mezani. Wateja wa pasipoti wananiuliza ni nini, nawaambia ni sakafu. Wanasema, "Mbona umeiweka hapo?" Nawaambia ni kazi ya dada yangu.

Ile picha yangu sikuwahi kuitoa kwenye karatasi. Filamu niliiosha kwa kuwa ilikuwa na picha nyingine za watu, lakini ile moja niliikata nikaitia kwenye bahasha, na miaka yote imekaa huko. Chumba cha giza kimekuwa stoo ya viti vibovu. Nimetumia siku mbili kutoa viti. Dawa za kusafishia nimepewa na fundi mwenzangu mstaafu, karatasi ni zangu za zamani, ndiyo maana pembeni zimeingia ukijivu. Mikono ilisahau kidogo, ikakumbuka.

Nimetoa kubwa kadiri nilivyoweza. Nilidhani nitaona mstari wa watu wameupa mlima mgongo, wanarudi nyumbani, basi. Ndivyo nilivyoikumbuka siku zote. Lakini kuna mmoja aliyebaki nyuma na kugeuka. Ametazama juu. Nimemweka chini ya kioo cha kukuzia. Nimekaa naye tangu saa nne asubuhi mpaka mtu akagonga mlango akitaka nakala ya cheti.

Sitasema nani. Naogopa kukosea, na naogopa zaidi kutokukosea. Mama yako aitazame mwenyewe.

Ni mimi,
Mjomba wako


Tarehe 8 Julai

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo na chumba cha giza hujakirudishia viti.

Picha ilifika Ijumaa, haikukunjika. Mama aliipeleka dirishani. Akavaa miwani, akavua, akaniambia nikaazime kioo cha kukuzia kwa fundi saa wa nyumba ya pembeni. Fundi saa akaja nacho mwenyewe, maana hakiazimishi, akakaa kwenye kiti mlangoni akisubiri huku anajifanya hasikii.

Mama alianza kuwataja watu mmoja mmoja kwa mgongo. Yule mwenye kinu. Mwalimu wangu wa darasa la tatu. Yule aliyeshika mkono wa mtoto ni shangazi yangu, na huyo mtoto ni mimi. Akafika mwisho wa mstari, akasogeza kioo karibu zaidi. Kisha akasema, "Ni mimi huyu."

Nikamuuliza ulikuwa unatazama nini.

"Nilisikia basi," akasema. "Nikajua amefika. Nikawaambia watu watangulie. Nikatazama juu nikaona mtu kando ya jabali, na kile kitu cha miguu mitatu. Nikasema, loo, ni wale wapimaji wa bwawa. Yaani wanakuja kupima hata siku ya msiba! Nikawalaani palepale." Akaishusha picha. "Miaka kumi na tisa nawachukia wapimaji. Mmoja aliniomba maji ya kunywa nikamnyima. Kumbe ni huyu mjinga."

Akaanza kucheka. Fundi saa naye akacheka, akasahau kwamba hasikii. Mama akacheka mpaka akakaa kitandani, na kicheko kikabadilika, na mimi nikamwambia fundi saa kioo tutamrudishia baadaye. Akakiacha.

Alipotulia akaniuliza, "Hiyo filta yake ya rangi ya chungwa, ndiyo iliyofanya nionekane?"

Nikamwambia ndiyo, Mama. Bila hiyo, kwa utando wa siku ile, usingekuwepo.

Akafikiri. "Basi," akasema.

Sijui hiyo basi aliisemea nini hasa, Mjomba, ila tangu hapo anataja jina lako. Jana alimwambia jirani mdogo wake ni fundi wa picha, kwa sauti ya mtu anayejisifu.

Kazi inaendelea. Kadi nyeusi nimeiweza, ilikuwa picha ya ishirini na mbili. Maji yameshaifunika sakafu yote. Kamati imechagua picha tisa, na Mama ameomba ya kumi iwe yako. Wamekubali.

Leo aliomba karatasi na kalamu, akafunga mlango mchana kutwa. Nimekatazwa kusoma. Naiweka bahasha yake ndani ya hii.

Ni mimi,
Mpwa wako


Tarehe 8 Julai

Mdogo wangu,

Habari za huko. Mimi nipo.

Sijui kuandika kwa maneno mengi kama ninyi wawili. Nimesoma yote. Mtoto ananisomea, lakini nikibaki peke yangu nayarudia mwenyewe.

Ulinikosea. Nataka hilo liandikwe na mimi nilione limeandikwa. Sikuwa na shida na harusi. Kazi ni kazi, na mama yetu mwenyewe angekuambia ukamalize kwanza. Shida yangu ni kwamba ulifika. Ungeshuka na suti yako hivyohivyo. Sahani ilikuwepo.

Sasa hilo limeandikwa.

Picha zinatundikwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa nne asubuhi. Hawa wa kamati nawajua, watazitundika zimepinda, na mpwa wako atakuwa amesimama pale anaona haya kuwaambia. Njoo uzinyooshe. Njoo Alhamisi, upumzike siku moja. Nyumba ni ndogo, vyumba viwili, wewe utalala sebuleni, na taulo beba lako. Mgongo wako nimeusikia, nimekutafutia godoro gumu. Bibi, yaani mama yetu, yuko hapa karibu, tutakwenda kwa miguu, mimi na wewe peke yetu. Ni mwendo mfupi hata kwa magoti haya.

Kamera ukitaka ilete, usipotaka iache. Mimi sijali.

Basi la asubuhi linafika juu saa saba hivi. Nitakuja stendi kukupokea. Ukishuka usiponiona, usirudi. Nitakuwa nimechelewa tu.

Ni mimi,
Dada yako